TUIJUE NCHI YETU: Twende pwani tukaone mahali palipopigwa sinema



Ukiona pwani katika sinema, ukaona minazi, majahazi na majumba ya mawe, usidhani yote ni uongo. Hadithi huenda imetungwa. Lakini mahali penyewe pana jina lake, pana watu wake, na pana njia ya kufika. Mtu wa Dodoma, wa Mpwapwa, wa Manyoni au wa Kondoa anaweza kufunga mzigo wake akaenda kupaona kwa macho yake mwenyewe.

Safari za namna hiyo ni za kawaida katika nchi nyingine. Huko New Zealand, karibu na mji wa Matamata, liko shamba la kondoo la familia moja. Watengenezaji wa sinema walivipenda vilima vyake, wakajenga hapo vijumba vya hadithi yao. Sinema ilipokwisha, watu waliendelea kuja. Leo wageni hulipa kiingilio kuona vijumba ambavyo hakuna ukoo uliowahi kuishi ndani yake. Hapa kwetu upande wa kaskazini ilitengenezwa sinema ya Kimarekani iitwayo Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Mpaka leo wako wageni wanaofika Momela, karibu na Arusha, kwa sababu waliiona sinema hiyo.

Pwani yetu ina nafuu moja. Majumba yake hayakujengwa kwa ajili ya sinema. Yalikuwapo, na sinema zikayafuata.

MTU WA BARA ANAPOKWENDA PWANI

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Afrika Kusini ilikuja Tanganyika kutengeneza sinema za Kiswahili. Moja yao iliitwa Mhogo Mchungu. Mchezaji wake mkuu alikuwa kijana mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Katika sinema hiyo yeye ni mshamba anayefika mjini Dar es Salaam, na wajanja wa mji wanamlia fedha zake. Kijana huyo ni Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu mwaka 1962, na tena kuanzia mwaka 1972 hadi 1977. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Vijana wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya siasa. Wachache wanajua kwamba watu walilipa senti zao kumwona katika sinema.

Katika miaka ya 1970 Shirika la Filamu la Tanzania lilitengeneza sinema iitwayo Fimbo ya Mnyonge. Humo kijana Yombayomba anaacha kijiji na kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Hayapati. Anarudi, na anajiunga na maisha ya kijiji cha ujamaa.

Basi unaona. Katika ile ya kwanza mwanakijiji anakwenda pwani akaibiwa. Katika ile ya pili anakwenda akakosa kazi. Katika zote mbili haendi kutembea tu, akaangalia, akauliza, akarudi nyumbani na habari. Hiyo ndiyo safari tunayoizungumza hapa.

JINSI YA KUFIKA

Tangu mwezi wa Julai 2024 treni ya umeme inakwenda kati ya Dodoma na Dar es Salaam. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 alilipa nusu. Nauli hubadilika, kwa hiyo uliza stesheni kabla ya kuuza kuku. Chukua kitambulisho chako. Utakihitaji kwa tiketi ya treni, na utakihitaji tena mbele.

Ukifika Dar es Salaam, Bagamoyo iko kaskazini, kama kilomita 70 kwa barabara ya lami. Mabasi madogo yanakwenda huko kila siku. Mtu aliyetoka Dodoma alfajiri anaweza kulala Bagamoyo siku ileile. Babu zetu waliotembea kwa miguu kutoka Ugogo walihesabu majuma.

BAGAMOYO

Bagamoyo imepigwa picha mara nyingi. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alishiriki mwenyewe katika sinema ya kuitangaza nchi, iitwayo Royal Tour. Alikuwa akimtembeza mwandishi wa habari wa Kimarekani, Peter Greenberg. Kazi ilianza Zanzibar mwezi wa Agosti, na Bagamoyo nayo ikafikiwa. Sinema ilizinduliwa Marekani mwezi wa Aprili 2022, kisha ikaonyeshwa hapa nchini. Huenda wewe uliiona katika televisheni ya jirani.

Kwa nini wenye kamera wanaipenda Bagamoyo? Jibu la haraka ni kwamba pana bahari na pana majumba ya zamani. Lakini bahari iko kila mahali pwani. Swali la maana ni kwa nini majumba ya zamani yamebaki pale, wakati sehemu nyingine yamebomolewa na kujengwa mapya. Jibu la swali hili linatugusa sisi watu wa kati.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara. Njia hiyo ilianzia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, ikapita Tabora, ikapita Kilimatinde, ikakata Ugogo, ikapita Mpwapwa na Mamboya, mpaka baharini. Ilipitisha pembe za ndovu na watumwa kwenda pwani. Ilipitisha nguo, shanga na waya kurudi bara. Wadachi walipoichukua nchi hii waliifanya Bagamoyo makao makuu yao kwanza. Mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwa kuwa bandari ya Dar es Salaam ina kina na meli kubwa zinaingia.

Kisha wakajenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam. Reli ilipofika kwetu, mji wa Dodoma ukakua kuizunguka stesheni. Mwaka 1914 ikafika Kigoma. Baada ya hapo, nani angebeba mzigo kichwani miezi mitatu? Biashara ya Bagamoyo ikalala. Matajiri wakahama. Fedha za kubomoa nyumba za zamani na kujenga mpya hazikuwapo, basi nyumba zikabaki. Nyingine zimeanguka zenyewe, nyingine zimesimama na milango yake ya nakshi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, reli ileile iliyoukuza mji wa Dodoma ndiyo iliyoilaza Bagamoyo. Kulala huko ndiko kulikoiachia sura ambayo wenye sinema wanaitafuta leo. Unapotembea katika mtaa ule wa mawe, kumbuka kwamba uzuri unaoupiga picha ulikuwa umaskini wa watu.

Nenda Caravan Serai. Ni nyumba ambayo misafara ilipumzika, na sasa ni mahali pa makumbusho. Nenda Misioni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Hapo ndipo mwili wa mpelelezi Livingstone ulipofikishwa mwezi wa Februari 1874. Alikufa katika nchi inayoitwa leo Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliubeba kwa miguu, wakapitia Tabora, mpaka baharini. Jina la Livingstone linajulikana duniani kote. Kwa maoni yangu hadithi ya wale waliombeba ni kubwa kuliko ya kwake, na bado inangoja sinema inayoistahili.

Kisha nenda Kaole, kama kilomita 5 kusini ya mji. Kuna magofu ya misikiti na makaburi ya mawe. Msikiti wa zamani zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Kuna mbuyu mkubwa ambao kila mgeni hupigwa picha chini yake. Wewe unayetoka katika nchi ya mibuyu utacheka kidogo. Piga tu.

JINA LA MJI

Watembezaji watakuambia kwamba jina Bagamoyo limetokana na maneno "bwaga moyo". Watakuambia maana yake ni huzuni: mtumwa alifika hapa akaona bahari, akajua harudi tena kwao, akaubwaga moyo wake. Maana hii ndiyo sinema zinayoipenda, kwa sababu inaliza watu.

Iko maana ya pili. Wengi waliotembea njia ile walikuwa wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi. Mpagazi aliyefika Bagamoyo alitua mzigo baada ya miezi. Aliubwaga moyo kwa maana ya kupumzika, kama wewe unavyotua ndoo ya maji baada ya kilima. Maana zote mbili zina watu wake, kwa kuwa njia ilikuwa moja na walipita wote, aliyefungwa na aliyelipwa. Ukisimuliwa moja tu, uliza ya pili.

Uliza pia habari ya hongo. Leo neno hili ni rushwa. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa njia. Misafara iliyokata Ugogo iliwalipa watemi nguo, shanga na waya, ili ipite, inunue chakula na ichote maji. Nchi yetu ni kavu, na mwenye kisima alikuwa na neno. Wazungu waliopita waliandika vitabu wakilalamika sana juu ya hongo ya Wagogo. Wagogo hawakuandika kitabu. Katika vitabu vile mtu wa Ugogo akitokea huwa ni mtu wa kusumbua tu. Hakuna anayesema kwamba ng'ombe wake nao walitaka maji yaleyale.

WAGOGO WA BAGAMOYO

Sasa nikupe sababu nyingine ya kwenda. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo. Sasa kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Miongoni mwa walimu wake alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa wa Dodoma. Alipiga ilimba na zeze, na sauti yake ilipanda juu sana kisha ikashuka chini sana kama ya watu wawili. Aliimba nchi nyingi za dunia. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Ukoo wake umeendelea na kazi hiyo hukohuko pwani, wanaume kwa wanawake.

Mwaka 2008 ilitoka sinema inayomhusu Mmarekani mmoja, Béla Fleck. Yeye hupiga banjo, chombo cha nyuzi ambacho asili yake ni Afrika. Watu waliouzwa utumwani waliipeleka Marekani. Fleck alitaka kuirudisha banjo kwao, basi akasafiri Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, akipiga pamoja na wenyeji. Sinema hiyo inaitwa Throw Down Your Heart. Jina hilo ni "bwaga moyo wako" kwa Kiingereza, na limetoka katika jina la Bagamoyo. Ukoo wa Zawose umo ndani yake.

Fikiri jambo hilo. Mzungu amekuja pwani ya Bahari ya Hindi kutafuta muziki, akapewa muziki wa Ugogo. Ukienda Bagamoyo na ukasikia ilimba nyuma ya ukuta wa makuti, usishangae kwamba unaijua. Piga hodi. Jitambulishe umetoka kijiji gani.

ZANZIBAR, KAMA NAULI INATOSHA

Kutoka Dar es Salaam boti ya haraka hufika Zanzibar kwa saa mbili hivi. Nauli yake si ndogo. Kama fedha ni chache, ishia Bagamoyo, hutakuwa umepoteza. Kama zipo, nenda ukaone Mji Mkongwe. Huko ndiko Amil Shivji alikopiga sinema ya Vuta N'kuvute, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2021. Imetokana na kitabu cha Adam Shafi. Ni habari ya msichana Yasmin na kijana Denge wakati wa kupigania uhuru katika miaka ya 1950. Wachezaji wanasema Kiswahili, na vichochoro vile vyembamba vimeonekana vilivyo. Ukipita humo mchana utakuta watoto wanatoka madrasa na mama anauza mikate ya kumimina. Hao hawachezi sinema.

Katika sinema nyingi za zamani kidogo utaliona jumba refu jeupe lenye saa, mbele ya bahari. Ni Beit el Ajaib, lililojengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, na watu wawili wakafa. Kwa hiyo usitegemee kulikuta kama ulivyoliona katika picha. Ndani ya sinema bado limesimama zima, mtu anapita barazani, hajui.

UANGALIFU

Yombayomba alikosa kazi, lakini wewe huendi kutafuta kazi. Hatari yako ni ile ya Mhogo Mchungu. Vijana watakukaribia na kukuambia wanajua kila mahali palipopigwa sinema. Wengine wanajua kweli, na ni watembezaji wenye kitambulisho cha kazi. Omba kukiona. Patana bei kabla ya kutembea, si baada. Penye kiingilio, raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo onyesha kitambulisho chako na udai risiti. Msomaji anayejua kusoma risiti hapunjwi kirahisi. Soma kiasi kilichoandikwa hapohapo mbele ya aliyekupa.

Ukiwa na simu yenye kamera, usimpige mtu picha kama unavyopiga mbuyu. Mvuvi wa Bagamoyo anayetengeneza wavu amepigwa picha na watu mia, na wengi hawakumpa hata salamu. Mwamkie, umwombe. Akikataa, acha.

Jambo hili liweke akilini pia kwa ajili ya nyumbani. Kamera zinaweza kuja kwetu. Michoro ya miambani ya Kondoa imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2006. Wakija watu na vyombo vya kupiga sinema kijijini, serikali ya kijiji ina haki ya kuwauliza kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania. Waulizwe pia watapiga nini, watamlipa nani, na kijiji kitaiona lini sinema hiyo. Hilo la mwisho husahauliwa.

KABLA HUJAONDOKA

Mwaka huohuo wa 2006 Tanzania iliiandikisha njia ya misafara katika orodha ya mahali panapongoja kuwa urithi wa dunia. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mpwapwa iko mkoani Dodoma. Kilimatinde iko Manyoni. Mgeni anaruka kwa ndege, anaona mwisho wa njia pale ufukweni, anarudi kwao akisema ameiona. Katikati ya njia hakufika.

Wewe unakaa katikati. Basi usiende pwani mikono mitupu. Kabla hujapanda treni mtafute mzee ambaye bibi yake au babu yake alimsimulia habari za misafara. Wazee hao wamebaki wachache mno. Muulize misafara ilichota maji wapi. Muulize ililala chini ya mti gani, na kama mti huo bado upo. Muulize hongo ilipokewa na nani, na kama kuna watu wa ukoo wenu waliochukuliwa wasirudi. Andika majibu katika daftari lako, pamoja na jina la mzee na tarehe. Ukifika Caravan Serai, mtembezaji akianza kusimulia, mwache amalize. Kisha fungua daftari, umsomee.